Sifuri ya Pugu

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii. Lakini hata ulipokuwa hai shikamoo yangu ulikuwa huisikii, ulikuwa unaiona. Unasubiri midomo yangu imalize, halafu unatoa "Marahabaa" kama unamwita mtu ng'ambo ya barabara, mpaka majirani wa uani wanajua kwamba Somoe ameamka. Nilikuwa naona aibu. Siku hizi naamka kimya na hakuna jirani anayejua nimeamka saa ngapi.

Barua hii naiandikia kwenye meza yako ya kuchongea. Mama alitaka kuigawa pamoja na patasi zako, nikamkatalia. Daftari lako liko mbele yangu, lile la jalada gumu jeusi. Naandika waziwazi kwa makusudi, kwa sababu nataka kila aliyekuja msibani kwako, akala ubwabwa wetu, akanishika bega na kuniambia "pole, ni kazi ya Mungu," ajue ile isiyo ya Mungu ilikuwa kazi ya nani. Watakaosoma watasema wanavyotaka. Hapa mtaani kwetu Mtoni watu hawakosi la kusema.

Ila nianze tulikoanzia.

Zile sindano za kifua zilikuponya kifua, zikaondoka na masikio. Mie nilikuwa kidato cha pili. Ulirudi nyumbani umekonda, tukafurahi kwamba umerudi, masikio tukayaona jambo dogo. Kisha masika ikaingia. Asubuhi ya kwanza ya mvua kubwa ulikuta uani kumelowa, ndoo zimejaa, ukasimama mlangoni ukatutazama mie na Mama kama tumekuficha kitu. Ukaniuliza, "Imenyesha usiku?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Sana?" Nikakubali tena. Ukatazama mabati juu, ukarudi ndani, na siku ile hukugusa patasi.

Tangu hapo ikawa kila asubuhi. "Somoe, mabati yamesema nini usiku?" Na mie, Mungu anisamehe, nilikuwa nachoka. Nikichelewa shule nasema "kidogo" hata kama imenyesha mpaka tumelala tumekunja miguu kukwepa panapovuja. Wewe ulikuwa unaona. Unatoka nje, unatazama tope, unanitazama mie, hunigombezi. Siku moja ukamwambia Mama, "Nimechoka kuomba mvua kwa watu." Mama akadhani unataka kwenda kuswali.

Mwalimu Ngonyani ndiye aliyekupa dawa. Alikuja pale ulipokuwa unauzia vinyago, kando ya Barabara ya Kilwa, anatafuta fimbo ya kutembelea. Alishastaafu, jografia yake ameiacha shuleni, anaishi Pugu na mkewe, na presha ya macho imeanza kumla taratibu. Ulimwambia nisemee usoni, sisikii. Akakwambia basi na wewe nisogezee fimbo, sioni. Mkacheka wazee wawili mpaka wauza maji wakageuka. Ukamsimulia habari ya mabati. Akaomba karatasi, akaandika kwa herufi kubwa zinazopanda mlima: KAMA HUISIKII, IPIME. Karatasi yenyewe uliibandika hapa ukutani na bado ipo, imeliwa na mende pembeni.

Baba, nyumba ikaingia wazimu. Ukaanza na kopo la maziwa ya unga lenye kuta zilizonyooka, ukalizamisha kwenye ndoo ya zege katikati ya uani. Mwalimu akasema kopo likae mbali na paa, mbali na mti, pasiwe na kitu cha kulikinga. Uani kwetu mbali na kila kitu hakupo. Kwa hiyo mpapai wa Mama ukaenda. Mama alikuwa sokoni. Aliporudi akakuta mapapai mabichi yamepangwa barazani kama wagonjwa wanaosubiri daktari, na wewe umeshika panga unamwonyesha anga kwa furaha. Hakuongea na wewe siku mbili, na wewe ukachelewa kugundua.

Halafu ukachonga nyumba ya vipimajoto. Kila mtu anatia vipimajoto vyake kwenye sanduku la mbao za kubandikabandika, wewe ulitoa mninga uliokuwa umeuweka kwa ajili ya kinyago cha mzungu, ukachonga pande zote vipande vya kulalia kama madirisha ya luva, ukaipaka nyeupe, ukaisimamisha kwenye miguu minne, mlango umetazama kusini jua lisichungulie. Kimoja cha vile vipimajoto ulikivisha utambi uliochovywa kwenye kichupa cha maji, kipime unyevu wa hewa. Utambi wa jiko la mafuta la Mama. Juu ya nguzo ukaweka kunguru wa mbao anayegeuka na upepo, na watoto wa mtaani wakawa wanamrushia mawe wakidhani mzima.

Majirani walicheka mwezi mmoja tu. Baadaye Mama Tatu, yule wa vitumbua, akawa wa kwanza kuja kuuliza, "Baba Somoe, leo nianike mchele?" Unachungulia kwenye nyumba yako nyeupe, unamtazama kunguru, unasema anika au usianike. Ulikuwa unakosea mara kwa mara, lakini waliendelea kuja. Mie nilikuwa nakuona unavyonyooka mgongo wakikuuliza. Mtu aliyekuwa anaomba mvua kwa watu, sasa watu wanaomba mvua kwake.

Na hili daftari. Safu ya tarehe, safu ya joto, safu ya upepo, safu ya Mtoni, safu ya Pugu, na mwisho Maelezo. Kupima ni saa tatu asubuhi, iwe kuna jua, msiba au sikukuu. Sheria zako nilizijua kuliko za shule. Hakuna kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja, kosa lionekane, juu yake unaandika lililo sahihi na jina lako. Usipopima, weka dashi. Sifuri usiiweke mpaka umepima ukakuta hakuna. "Sifuri ni jibu," ulikuwa unasema. "Dashi ni mtu anayekiri hajui."

Kwenye Maelezo uliandika umande, ukungu, radi iliyomwogopesha mbuzi wa jirani, na uliandika mie. Nimehesabu nikachoka. "Somoe amenuna, mawingu mazito." "Somoe ameanza kucheka saa kumi, hali inatulia." Ulikuwa unamwonyesha Mama, mnacheka, nami nanuna zaidi. Ni kweli ninanuna. Nimenuna tangu nazaliwa, Mama anasema mkunga alinipiga nikakataa kulia kwa jeuri.

Safu ya Pugu ilikuja baada ya mafuriko yale yaliyoingia nyumba za bondeni bila tone kuanguka kwetu. Mwalimu akakueleza: mto huu wa kwetu, Kizinga, unakotoka ni vilima vya kwao. Mvua ikinyesha Pugu asubuhi, Mtoni inaonekana mchana. Kwa hiyo Mtoni kuwa kavu si habari kamili. Naye akaweka kopo. Lakini macho yake hayaoni namba, na hapo ndipo ulipofanya kazi ambayo mie naiona nzuri kuliko vinyago vyako vyote. Ulichonga kijiti cha mpingo, kwa sababu mpingo haunywi maji, ukakitia alama kwa kisu, ndogo kila milimita, ndefu kila milimita tano, na ya kumi umeichimba kabisa. Mwalimu anakizamisha koponi, anakitoa, anapapasa kwa dole gumba mpaka unyevu unapokoma, anahesabu. Alikuwa hakosei hata nusu.

Shida ikabaki moja. Mwalimu hawezi kuandika ujumbe, macho. Wewe huwezi kupokea simu, masikio. Katikati yenu nikasimama mie. Mwalimu ananipigia kazini Tandale, kwenye stesheneri ninakotoa kopi na picha za pasipoti, mie nakuandikia ujumbe, simu yako inawaka juu ya meza hii, unaingiza namba kwenye safu. Kila siku. Pugu sifuri. Pugu sifuri. Pugu nukta mbili. Wateja wamejipanga, sokoni kelele, na mie nashika simu namsikiliza mzee ananiambia sifuri.

Nikalalamika. Mie, Baba, si wewe. Nikakwambia kukiwa kukavu Mwalimu asinipigie, nina kazi. Tukubaliane tu kwamba nikinyamaza mpaka saa sita mchana, Pugu kavu, andika sifuri. Ulikaa na jambo lile siku kadhaa. Lilikuwa linavunja sheria yako mwenyewe, kuweka sifuri mahali hukupima. Mwisho ukasema, "Haya, kwa ajili yako." Nitakulaumu hapo kidogo tu, halafu nitaacha. Ungenikatalia. Ulikuwa na haki ya kunikatalia, na daftari lilikuwa lako.

Sasa ile Jumapili.

Walikuja wale wazee wa Mbagala kuleta posa yangu. Mshenga, baba mdogo wa kijana na shangazi yake, wamevaa vizuri, wamekaa kwenye viti vya kuazima. Mie niko chumbani na Mama Tatu, nasikia kila neno kupitia pazia. Mshenga anaongea taratibu akikuelekea usoni kama alivyoelekezwa. Amefika pale penyewe, anasema, "Mzee, sie tumeona ua katika nyumba hii," na wewe ukatazama saa. Ilikuwa saa tatu. Ukainuka, ukatoka, ukawaacha.

Nilichungulia dirishani. Umechuchumaa mbele ya kopo lako na kanzu ya posa yangu, unalitazama, na lilikuwa kavu kabisa, Baba, hata mbu asingekunywa. Ulirudi baada ya dakika kumi ukawaonyesha daftari. Ukawaeleza habari ya mpingo. Waliitikia "naam, naam," wakanywa chai, wakaaga, na jibu lao hawakupewa. Mama Tatu akanong'ona, "Wamekasirika hao, hawarudi."

Nilikufuata uani. Nikasema, "Kopo lako lina thamani kuliko mie." Ulikuwa umeinama, hukuona. Ukainua uso ukauliza, "Umesema nini?" Na mie nikageuka.

Wanaosoma hawataelewa uzito wake, kwa hiyo nitawaeleza. Ukimkasirikia mtu anayesikia, unamgeuzia mgongo na bado anakusikia ukipumua, anasikia unavyoweka vyombo kwa nguvu. Wewe nikikugeuzia mgongo ninakuwa nimekufungia mlango mzima. Tangu utotoni niliijua silaha hiyo na sikuwahi kuitumia zaidi ya nusu saa. Safari hii niliitumia Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Ukija mbele natazama pembeni. Ukinigusa bega nautoa mkono. Ulimwuliza Mama, naye akakwambia, ukasema, "Lakini ilikuwa saa tatu." Kama kwamba hilo linamaliza.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nafunga ushungi mbele ya kioo. Ulisimama mlangoni na kopo la rangi nyekundu. Ukasema, kwa ile sauti yako ya barabarani, "Somoe, leo Pugu ikiwa kavu nashuka mtoni kupaka rangi mti wangu." Ule mti wa mninga uliousimika ukingoni, mistari myekundu na myeupe, wa kusoma kina cha maji. Tope lilikuwa limeifuta mistari. Ulisubiri pale mlangoni. Nilikuwa nakuona kwenye kioo. Nilikusikia vizuri, kila neno. Nilichukua mkoba nikapita.

Saa tatu na dakika kumi Mwalimu akapiga. Nyuma yake nasikia kishindo cha mvua juu ya bati. "Somoe mwanangu, mwambie mzee, Pugu leo tisini na sita na nusu, na bado inamwaga. Imeanza alfajiri. Mwambie mapema." Nikasema, "Sawa Mwalimu, namwambia."

Nikaandika. Pugu 96.5. Kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma, nikakiondoa.

Sikusahau, Baba. Watu wangependa niseme nilisahau, na mie ningependa. Nilisema moyoni, muache asubiri. Muache aitazame simu yake, ajue ilivyo mtu kukaa anasubiri jibu lake na mwenye jibu yuko uani anatazama kopo. Nikapanga nitume saa sita kasoro dakika tano, kabla hujaandika sifuri yako. Nilikuwa nimepima adhabu vizuri, kama fundi. Hata sikuhisi uovu ndani yake. Nilihisi kama tunataniana.

Saa tano wakaja wanafunzi wa chuo na mafomu, wengi, wote wanataka kopi tatutatu, na mashine ikakwama karatasi. Nilipoinua macho ilikuwa saa saba na robo. Nikabonyeza. Ujumbe ukaenda papo hapo, mtandao haukuwa na tatizo lolote. Simu yako ikawaka juu ya meza hii, ambapo uliiacha isije ikalowa.

Mtoni siku ile jua lilikuwa limetoka. Mama Tatu alikuwa upande wa juu wa ukingo anaanika mchele, kwa sababu ulimwambia aanike. Anasema aliusikia mto kabla ya kuuona, mngurumo kama lori linashusha kokoto. Waliokuwa bondeni wote waliusikia, waliokuwa wanafua wakaacha nguo wakapanda. Wewe ulikuwa umeinama, umewapa mgongo, brashi mkononi, uko kwenye mstari wa tatu. Walikuita. Waligonga masufuria. Mama Tatu anasema alikurushia sinia lake la mchele likaanguka pembeni yako, ukaligeukia sinia badala ya kuugeukia mto.

Tulikupata kesho yake kwenye mikoko. Kidole gumba kilikuwa bado chekundu na waosha hawakuweza kuitoa rangi yote.

Simu yako waliikuta imewaka na ujumbe wangu juu, wakaisomea msiba mzima. "Masikini, binti yake alituma, mtandao ukachelewesha." Sikusema mie kwanza, walisema wao. Lakini siku ya tatu Mwalimu alikuja, mkewe amemshika mkono, akaketi mkekani, akapapasa mpaka akanipata, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulimwambia?" Na mie nikasema, "Nilimtumia palepale, Mwalimu. Ilichelewa kufika."

Hapo ndipo niliposema uongo ule kwa mdomo wangu.

Akasema, "Ningepanda gari nije mwenyewe. Mvua ile niliijua. Ningekuja." Akatoa kijiti cha mpingo mfukoni akaniwekea kiganjani. Hakupima tena. Mkewe alinipa habari mara mbili, kwamba mzee hatoki, kwamba mvua ikinyesha anaziba masikio kwa mto wa kitanda. Unaona hilo, Baba? Wewe ulikuwa unaitafuta sauti ile kwa kopo na kijiti, na yeye anaizuia.

Na wale wa Mbagala walikuja mazikoni. Mshenga akamwambia mjomba kwamba Jumapili ile walicheka njia nzima kwa furaha, wakisema mzee asiyeacha kazi yake hata mbele ya posa, bintiye ataijua nyumba. Walikuwa wanangoja tu uwape siku. Kijana alisubiri eda ya Mama ikaisha, akasubiri na zaidi. Nikamwambia asinisubiri. Hakujua kwa nini na sikumweleza.

Masika mbili zimepita. Kopo nalipima kila saa tatu, kazini naingia saa nne, tajiri wangu amezoea. Nadhani nilifikiri nikipima sana hatia itapungua.

Daftari nilikuwa sifungui ukurasa ule. Naandika kwenye kurasa mpya, nyuma nimebana kwa kibanio cha nguo. Mwezi uliopita kibanio kikakatika. Nikasoma. Mwandiko wako, umenyooka: Mtoni 0.0. Pugu 0.0. Maelezo: "Kavu. Mawingu mazito upande wa magharibi. Nimesubiri Pugu mpaka saa sita. Somoe amenuna siku ya tano."

Uliyaona mawingu. Uliyaona kabisa, ukayaandika. Ukayatazama na ukatazama simu, ukaamua kuniamini mie kuliko macho yako. Hiyo sifuri ya Pugu ndiyo namba pekee ya uongo katika daftari lako lote, na aliyekuandikisha ni mie.

Nililia nikakasirika. Nilikukasirikia wewe, kwa nini hukuyaamini mawingu, mzee mzima. Halafu nikajikasirikia kwa kukukasirikia. Ndivyo nilivyo, unanijua.

Jumamosi nilikwenda Pugu. Kopo la Mwalimu limefudikizwa chini ya uchaga wa vyombo. Yeye alikuwa barazani, hawezi tena kutofautisha mtu na nguzo. Nikamwamkia, akaijua sauti. Sikunywa hata chai, nilijua nikinywa nitarudi na siri yangu. Nikamwambia yote: kioo, rangi, kidole juu ya kitufe, saa saba na robo, nikamwomba msamaha. Mkewe akainuka akaingia ndani.

Mwalimu akauliza, "Nilikupigia saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika kumi."

"Na yeye alishuka saa ngapi?"

"Saa sita ilishapita."

Akahesabu kwa midomo, kama anapapasa kijiti. "Masaa matatu mazima," akasema. "Miaka miwili nimekaa hapa nikijiuliza kwa nini sikupanda gari. Miaka miwili, Somoe."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nikamwekea kijiti cha mpingo magotini. Hakukigusa. Tulikaa mpaka kivuli cha nyumba kikafika miguuni kwetu. Sikuomba msamaha mara ya pili, ya kwanza ilishatoka ikaanguka chini. Mwisho akasema, "Sina la kukupa leo. Nenda ukasahihishe daftari la mwenzangu." Nilipofika njiani nikageuka nyuma. Kijiti kilikuwa bado pale magotini, na mikono yake pembeni.

Kwa hiyo leo nimesahihisha. Nimetumia kalamu yako ya wino mweusi. Nimepiga mstari mmoja juu ya sifuri ya Pugu, mwembamba, sifuri inaonekana vizuri chini yake, kama ulivyotaka kosa lionekane. Juu yake nimeandika: 96.5. Ilipimwa saa tatu. Nilijua saa tatu na dakika kumi. Nilituma saa saba na robo. Somoe.

Nimeupuliza wino mpaka ukakauka.

Bado Mama. Miaka hii miwili amekuwa akiniambia, "Afadhali ulimtumia, mwanangu, ulifanya la kwako." Kila akisema hivyo natazama pembeni. Yuko uani sasa hivi, anapepeta mchele karibu na nyumba yako nyeupe. Mpapai mwingine umechipua pale ulipokata na ameniambia nisiuguse. Nitakwenda nikae mbele yake. Nitamwelekea usoni, karibu kama nilivyokuwa nakaa kwako nilipotaka uelewe neno gumu, nami nitalisema taratibu mpaka limalizike.

Upumzike, Baba. Safu ya leo nimeshaijaza, na hakuna nilipobuni. Mtoni 4.0. Pugu, dashi, simu haikulia. Upepo wa kusi. Maelezo: mawingu, mabati yalisema kidogo alfajiri, Somoe anakwenda kumwambia mama yake.

Mwanao uliyemsubiri mpaka saa sita,
Somoe